Kamba Tuliyoiacha Ziwani

Nimestaafu nikiwa na miaka thelathini na tano. Najua jambo hilo linavyosikika. Mzee wa lango katika ofisi yetu ya Kakamega alipoisoma barua yangu aliigeuza akaangalia nyuma yake, kana kwamba umri wangu wa kweli ungekuwa umeandikwa huko. Serikali imeona tumekuwa wengi. Na mimi, niliyedai sababu ya kila jambo kwa miaka yote hiyo, nimepewa barua isiyo na sababu hata moja. Nimerudisha pikipiki, mizani ya kuning'iniza na ufunguo wa stoo. Kipimajoto sikurudisha kwa sababu kilivunjika, na nimeshaandika maelezo yake mara tatu.

Nawaandikia ninyi wawili mtakaorithi mabwawa yangu. Vyeo na mishahara sitavigusa. Mtayajua hayo wenyewe, na hayachukui muda mrefu kujua. Nataka kuwaeleza habari za wiki moja tu. Katika kabati la pili kuna faili ya kijani, na ndani yake ripoti yangu ya ukurasa mmoja inayoishia kwa maneno "Jaribio halikukamilika." Kila mkubwa aliyeisoma aliniuliza kwa nini sikuimalizia vizuri.

Nilifika Kakamega mwanzoni mwa miaka ya tisini nikiwa na shahada ya zoolojia na viatu visivyofaa matope. Siku ya kwanza msaidizi wa ofisi, mama mmoja aitwaye Rispa, alinitazama kutoka kichwani hadi kwenye viatu hivyo.

"Umewahi kuvua samaki?"

"Nimewasoma miaka mitatu."

"Sijauliza hivyo."

Sikuwa nimewahi kuvua hata mmoja. Kwa wakulima hilo halikuwa na maana. Kama vile afisa wa kilimo alivyo Bwana Shamba, mimi nikawa Bwana Samaki kuanzia siku hiyo. Mabwawa niliyoyakuta, kutoka Khwisero hadi upande wa Mumias, yalikuwa yamechimbwa kwa kufuata waraka. Yalijaa tilapia waliozaana hadi wakawa wa ukubwa wa kidole gumba, wasiofaa kuliwa na obusuma, yaani ugali, wala kuuzwa. Nikauliza kwa nini tunaendelea kuyachimba hivyo. Nikajibiwa, "Ndivyo inafanywanga." Jibu hilo mtalisikia. Mimi lilinitia homa kila niliposikia.

Mchuuzi mmoja wa samaki pale sokoni Shianda ndiye aliyenipa wazo langu la pekee katika kazi hii. Alisema wavuvi wa ziwani wanahangaika kutafuta chambo hai cha kunasia mbuta, yule samaki mkubwa mnayemwona amepangwa kwenye barafu. Zamani walitumia fulu, visamaki vidogo vya ziwani, lakini mbuta wenyewe wamewala karibu wote. Vifaranga wa mumi, yule samaki mwenye sharubu, wangefaa zaidi kwa sababu hawafi upesi kwenye ndoana. Nikajiuliza: mumi si wapo kwenye vijito vyetu? Si wanaweza kukuzwa bwawani?

Aliyenisikiliza ni Mama Jerusa wa Shianda, mjane mwenye kipande cha shamba la miwa bondeni. Miwa ya pale chini ilikuwa ikioza mizizi kila mvua ikizidi. Aliing'oa safu tisa, akachimba bwawa, nikamletea vifaranga wa mumi kwenye ndoo. Shemeji yake Zakayo, ndugu wa marehemu mumewe, hakupendezwa. Alikuwa mkata miwa, mikono yote ina makovu ya majani, na ardhi ile alikuwa amekabidhiwa na familia aiangalie.

"Bwana Samaki," aliniambia tukiwa tumesimama ukingoni, "muwa umesimama pale, unauona. Hawa wako wanakaa chini ya maji. Nitajuaje wapo?"

Mama Jerusa alichukua kifuniko cha sufuria, akakigonga kwa kijiko mara tatu. Maji yakachemka. Sharubu na midomo vilijitokeza pale miguuni pake, mamia.

"Hao hapo, shemeji. Wakiitwa wanakuja. Wewe nikikuita kula, mpaka nitume mtu."

Zakayo alicheka, lakini hakulegea. Alitoa sharti mbele yangu: mvua ya kupandia ikianza, watu wa ziwani wawe wameshakubali samaki hawa. La sivyo atakuja na majembe, bwawa lifukiwe, miwa irudi. Mama Jerusa akanigeukia. Nilielewa. Safu zile tisa alizing'oa kwa neno langu.

Hivyo nikaomba wiki moja. Pikapu ya ofisi ilikuwa inakwenda ziwani Jumatatu na kurudi Jumamosi. Nikapakia mitungi ya plastiki iliyojaa mumi, daftari, na kipimajoto kile kikiwa bado kizima.

Katika ufuko mmoja wa Bunyala nilielekezwa kwa Ojiambo. Msimfikirie mzee wa busara. Alikuwa mtu wa miaka arobaini na ushee, mkali, asiyependa maswali. Alikuwa fundi cherehani hadi nguo za mitumba zilipomaliza wateja wake, ndipo akaingia ziwani. Ndoana zake alizitunza ndani ya droo ya cherehani, zimepangwa kwa ukubwa kama vifungo. Mwenzake katika mashua alikuwa Wandera, mpiga makasia asiyeweza kunyamaza.

"Profesa," Wandera alisema aliponiona nikipima joto la ziwa, "lina homa?"

Nilitaka tutege kamba ndefu ya ndoana siku hiyohiyo. Ojiambo alikataa. "Kwanza ushike mshipi wa ndoana na mkono wako. Siwezi kumpa mtu kitambaa kama hajui kushika sindano."

Siku tatu nilishika mshipi. Tulitoka asubuhi kukiwa bado na ubaridi, kwa kuwa mbuta hapendi jua kali. Ana macho yanayong'aa kama ya paka, na mwanga ukizidi hushuka chini. Ojiambo alinionyesha kumchoma mumi nyuma ya pezi la mgongoni, juu ya uti, ndoana ipite kwenye nyama kidogo tu. "Kama kifungo. Ukikaza sana, kitambaa kinararuka. Ukilegeza, kinaanguka." Akanionyesha kuupitisha mshipi juu ya kidole cha shahada, si kuufumbata. Halafu ukimya. Ilikuwa kazi ngumu kuliko kazi zote nilizowahi kupewa.

Nilitarajia mdonoo. Hakuna mdonoo. Mbuta hufungua kinywa, maji yanaingia, na chambo nacho kinaingia na maji hayo. "Utasikia uzito tu," Ojiambo alisema. "Kama mtu amekuwekea mkono begani. Hapo usivute. Ngoja. Hesabu tatu ndiyo uvute."

"Kwa nini tatu?"

"Basi hesabu nne."

Siku ya kwanza nilivuta mapema kila mara. Siku ya pili nilichelewa, nikatoa vichwa vya mumi visivyo na miili. Siku ya tatu uzito ulikuja, nikahesabu, nikavuta, na mshipi ukanikata kidole hadi karibu na mfupa. Sikuuachilia. Mbuta alipotoka majini alikuwa mrefu kama mkono wangu wote, na Wandera akapiga kelele ufuko mzima usikie kwamba serikali imevua samaki. Ojiambo alitazama kidole changu badala ya samaki. Akakifunga kwa kitambaa chekundu alichokitoa mfukoni. "Sasa tutatega," akasema.

Alasiri ya Alhamisi tukatega ile kamba ndefu: ndoana mia mbili zikining'inia kwenye kamba moja, mawe ya kuishusha, madumu matupu ya kuielekeza. Ndoana mia zilikuwa na mumi wa Mama Jerusa, na kila moja Ojiambo aliifungia uzi mwekundu. Mia nyingine zilikuwa na fulu, na uzi mweupe. Nilitaka ulinganifu ulio safi, mtu asipate pa kubishia. Siku iliyobaki ni moja. Nilimwambia hivyo Ojiambo. Alijibu kwamba ziwa halina kalenda.

Ijumaa kulipopambazuka tulianza kuivuta kutoka upande wa nyuzi nyekundu. Ndoana ya kwanza haikuwa na kitu. Ya pili ilikuwa na mbuta. Nikaandika. Hadi ndoana ya kumi na moja tulikuwa na mbuta wanne ndani ya mashua, na mumi ambao hawakuliwa walikuwa bado wakipinda mikia. Hata Ojiambo alikuwa ameanza kutikisa kichwa kidogo, kwa namna ambayo kwake ilikuwa sherehe. Mimi nilikuwa tayari naona uso wa Zakayo.

Kisha Wandera akanyamaza.

Kisiwa cha magugu-maji kilikuwa kimesukumwa na upepo hadi kwenye kamba yetu. Ukingoni mwake alikuwa amelala mtu, kifudifudi, amevaa shati la buluu. Siku nne kabla yake upepo ulikuwa umepindua mashua ya ufuko wa jirani. Watu wote wa pale walijua. Mimi pia nilikuwa nimesikia, kama unavyosikia habari za redio.

Ojiambo alitoa kisu, akakata kamba. Akaifunga dumu ncha yake na kuitupa. Kisha, mmoja baada ya mwingine, akawarudisha wale mbuta wanne ziwani.

"Unafanya nini?" nikauliza.

"Mashua iliyobeba maiti haipelekangi samaki nyumbani. Na haivui tena mpaka azikwe, watu wake waje waiinue, waiachilie irudi majini."

Nitaandika nilichosema, kwa sababu ndicho nilichosema. Nilisema: "Huyu ameshakufa. Nusu saa haitamzidishia. Tumalize nyuzi nyekundu tu, halafu tumchukue. Kuna mjane kule kwetu anategemea kamba hii."

Wandera alitazama makasia yake. Nilingoja Ojiambo anifokee, na nilikuwa na hoja ya pili tayari. Hakufoka.

"Anatafutwa," alisema.

Hilo tu. Nilijaribu kulipatia jibu. Bado sijalipata.

Tulimzungushia turubai, tukamfunga kamba chini ya mikono, avutwe ubavuni mwa mashua kwa upole. Ojiambo alihitaji mikono yake kwa usukani, na Wandera yake kwa makasia. Akaniletea ncha ya kamba.

"Shika. Usivute. Shika tu."

Kamba ilipita juu ya kidole kilekile chenye kitambaa chekundu. Ziwa lilikuwa tulivu. Mwendo wa kufika ufukoni ulikuwa kama saa moja, na kwa muda wote huo niliusikia uzito wake. Nilikuwa nimefundishwa siku tatu kuutambua uzito. Sikuwa nimefundishwa la kufanya na ule. Nilishika tu.

Habari ilitutangulia, sijui kwa njia gani. Mama yake alikuwa amefika kwa miguu kutoka ufuko wao, na wanawake wengine nyuma yake. Hakulia alipofika karibu. Aliuliza nani alimshika. Ojiambo akanionyesha kwa kidevu. Mama yule akachukua mkono wangu, ule wenye kitambaa, akaushika kwa mikono yake miwili.

"Asante, mwanangu," alisema. "Umemleta mapema. Kabla jua halijawa kali."

Ojiambo alikuwa amesimama hapo hapo, amesikia, na angeweza kunitazama. Alikuwa na haki hiyo. Aligeuka akaenda kusaidia kuigeuza mashua juu ya mchanga.

Jumamosi pikapu iliondoka, nami ndani yake. Kamba ilibaki ziwani. Wavuvi wengine walisema magugu yameikokota, na hakuna aliyejua ilikoishia. Jumatatu mkubwa wangu alisikiliza hadithi nzima kwa heshima, kisha akavuta karatasi.

"Kumi na moja, wanne. Si unazidisha tu? Andika imefaulu. Hakuna atakayeuliza."

Msidhani nilikataa kwa usafi wa moyo. Hesabu niliifanya, pale pale mezani, na ilipendeza. Lakini mimi ndiye niliyewasumbua watu miaka mingi nikiuliza wamejuaje wanachodai kujua. Ndoana zilizobaki zilikuwa na nini? Sikujua. Nikaandika sentensi yangu ya mwisho, nikawasha pikipiki kwenda Shianda. Njia nzima nilitafuta namna nzuri ya kumweleza mtu kwamba ameng'oa miwa bure. Haipo.

Mawingu yalikuwa yamejaa. Zakayo alikuwa tayari bwawani na wanaume wawili, majembe mabegani. Mama Jerusa alikuwa amesimama upande wa pili wa maji na kifuniko chake cha sufuria, hakigongi, amekishika tu.

"Mulembe, Bwana Samaki," Zakayo alisema. "Lete habari. Mvua inakuja."

Nikawaambia yote. Niliwaambia hata nilichosema pale ziwani, kuhusu nusu saa na kuhusu mjane. Nilipomaliza nikangoja Mama Jerusa aulize ni nani sasa atakayenunua samaki wake.

"Alikuwa wa nani?" aliuliza.

"Mtoto wa mama mmoja wa ufuko wa jirani. Alikuwa ameoa juzi tu."

"Wamemzika?"

"Bado. Watamzika Alhamisi."

Zakayo akashusha jembe lake, akawaashiria wale wawili nao washushe. "Basi. Turudi nyumbani."

"Shemeji," Mama Jerusa alisema, na hadi leo namheshimu kwa kusema hivyo, maana ilikuwa dhidi yake mwenyewe, "si mtu wetu. Ni mbali huko."

"Msiba ukiwepo hatuchimbangi. Unajua."

"Msiba wa jirani. Huyo ni wa ziwani."

"Huyu Bwana Samaki amemshika na mkono huu. Sasa amesimama kwa shamba langu." Zakayo alitazama kidole changu, halafu maji. "Umbali umeisha. Mpaka Ijumaa. Lakini Ijumaa nakuja, usifikiri nimesahau."

Ningeweza kumwonyesha kasoro tatu katika mantiki hiyo. Kwa mara ya kwanza tangu niajiriwe, nilifunga mdomo.

Ijumaa nilifika mapema. Zakayo alikuja kama alivyosema. Tulikuwa hatujamaliza kusalimiana tulipowaona watu wawili wakishuka kati ya miwa, kila mmoja na mitungi mitupu mgongoni. Mmoja wao alikuwa akiongea bila kupumua.

"Profesa! Huku kwenu kuna nyasi ndefu hivi na hakuna ng'ombe hata mmoja?"

"Ni miwa," Zakayo alisema.

"Najua ni miwa, baba. Nasalimia tu."

Ojiambo alipeana mikono na wote. Walikuwa wamemzika yule kijana jana yake, alisema, na mashua italala hadi Jumapili, ndipo ndugu zake watakapokuja kuiinua. "Tangu niache cherehani sijawahi kukaa siku moja ya kazi bila mashua. Nikaona nije nione kile nilichokuwa nachoma."

Fikirieni hilo, maana mimi nimelifikiri sana. Mtu huyo asingekuja Shianda kamwe kama tungemaliza kamba yake. Angekuwa na samaki wa kuuza na nyavu za kushona. Sisemi hili ni thibitisho la jambo lolote. Nasema ndivyo ilivyokuwa.

"Utaona nini?" Zakayo alimwuliza. "Ni maji tu hapo."

Mama Jerusa akagonga mara tatu.

Walipojitokeza, Wandera alisahau kuongea. Ojiambo alichutama, akaingiza mkono, akamtoa mmoja kwa kumshika nyuma ya kichwa. Akapitisha kidole gumba mgongoni mwake, taratibu, kama anayekagua kitambaa dukani. Akambonyeza penye pezi.

"Ngozi yake inashika," alisema.

"Kwa hiyo wanafaa?" Zakayo aliuliza. "Huyu anasema kumi na moja, mkapata wanne. Hizo zingine je?"

Nilimtazama Ojiambo. Neno moja lingetosha, na kwa umri wake na mikono yake lingeaminika kuliko la kwangu.

"Sijui," Ojiambo alisema. "Hatukumaliza."

Zakayo alipiga makofi mapajani. "Nyinyi watu! Wote wawili mnakataa kunidanganya, hata kidogo tu nipate kukasirika." Alisimama akiangalia mbingu, akaangalia bwawa, akamwangalia shemeji yake na kile kijiko mkononi. Tone la kwanza la mvua lilianguka juu ya maji na mumi mmoja akalirukia. "Basi wachukueni, mkamalize. Mwaka huu muwa usubiri."

Wakachota hadi mitungi ikajaa. Mama Jerusa mwenyewe ndiye aliyewakamata wengi, akiwasemesha kwa Kiluhya, kwa sauti ya chini, maneno ambayo sikuyasikia vizuri na sikuuliza.

Wavuvi wengine walimfuata Ojiambo kuja kununua mumi, baadhi wakaacha, baadhi wakarudi. Mabwawa mengine niliyoyaanzisha yalikauka, na hayo mtayakuta kwenye faili nyingine, ambazo hazina hadithi. La Mama Jerusa lipo. Zakayo hupita pale kila asubuhi akidai anakagua kingo.

Mkienda kujitambulisha, Mama Jerusa atawapa kijiko. Gongeni mara tatu, msubiri, msiwe na haraka ya kuandika. Na ile faili ya kijani naomba msiisahihishe, hata mkubwa akiwaambia. Jaribio halikukamilika. Ndoana mia moja themanini na tisa zilibaki majini, na mtu mmoja akafika kwao kabla jua halijawa kali.